Hilux 3L inagoma kuwaka alfajiri, inamisi na moshi mweupe. Fundi anasema pampu ya dizeli, nisaidieni

Mzigo_wa_Viazi:
Kamweneee wakuu. Nina Hilux injini 3L, ile dizeli ya kizamani ya cc 2,779, nabebea viazi toka shamba mpaka Makambako. Tangu baridi la Juni lianze ni mtihani, alfajiri napiga stata mpaka betri inaishiwa pumzi, ikishika inashika vipande vipande, inamisi (silinda nyingine hazichomi), inatetemeka mpaka vioo vinagonga, na moshi mweupe unajaa uwanja mzima jirani anafunga madirisha. Baada ya dakika tano hivi inatulia. Mchana ikishachemka ukizima ukiwasha ni funguo moja tu. Fundi wangu hapa Njombe kasema pampu imekwisha, nitafute laki nane. Laki nane, na bei ya viazi mnaijua wenyewe. Filta ya dizeli nimeshabadili, bado.

dogo_wa_uyole:
Mkuu nunua ile spreya ya kuwashia, puliza kwenye eakilina (filta ya hewa) afu piga stata, inaitika fasta

Spana17:
Dogo utamuulia mtu injini. 3L ina hita plagi, zile za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha, spreya ikikutana na plagi ya moto inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinapasuka hivi hivi.

Mleta mada, pampu ya aina hiyo ikichoka mara nyingi inakusumbua injini ikiwa ya MOTO, sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi inavuja ndani kwa ndani, presha haifiki. Wewe moto inawaka vizuri, baridi ndo inagoma. Mimi ningeanza na hita plagi. Fungua ule ukanda wa chuma unaoziunganisha zote nne, chukua taa ya kutestia, klipu weka chanya ya betri, ncha gusa kichwa cha plagi moja moja. Taa ikiwaka plagi nzima, isipowaka imekufa. Dakika kumi, tena bure. Zikiwa nzima angalia kama umeme unafika pale ukiwasha swichi, relei (swichi inayopeleka umeme kwenye plagi) nayo inakufaga. Ukinunua mpya soma volti iliyoandikwa kwenye ya zamani, ukiweka isiyoendana inaungua mapema.

Swali: ukiipaki pua ikiangalia mlimani inakuwaje?

Mzigo_wa_Viazi:
Kaka umejuaje?? Nyumbani ni kilimani, nikiipaki pua juu ndo balaa zaidi, nikiigeuza ina nafuu. Nilidhani ni mawazo yangu tu

Mama_Fuso_Igawilo:
Basi kuna hewa inaingia mwanangu. Tanki likiwa chini dizeli inarudi kwenye tanki usiku kucha, asubuhi pampu inavuta upepo. Fuso yangu ilinitesa hivyo msimu mzima, kumbe ile pampu ya mkono juu ya filta mpira wake umechoka, kwa macho haivuji hata tone. Weka kipande cha mpira mweupe unaoona ndani kabla ya pampu, ukiona mapovu umemshika mwizi. Kabla ya kupiga stata alfajiri pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu, ikiwaka haraka jibu unalo. Na mipira ya riteni, inayorudisha dizeli iliyozidi toka kwenye nozeli (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda), usiisahau.

Kitonga_Taratibu:
Ikiendelea kumisi, iache sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) ulegeze nati za bomba za nozeli moja moja kwa spana 17, silinda ambayo ukilegeza mngurumo haubadiliki ndo mbovu. Ila wenye gari za komoni reli (dizeli za kisasa za presha kubwa) msijaribu hii, ile presha inapenya ngozi. Na maji ya rejeta yakiwa yanapungua moshi ukiendelea hata moto, hapo ni gesketi ya hedi, mada nyingine hiyo.

Mzigo_wa_Viazi:
Wakuu mrejesho. Plagi tatu kati ya nne zimekufa!! Nilikuwa nawasha kwa plagi moja kwenye baridi la Njombe. Pampu ya mkono nayo mapovu kibao, nimebadili zote. Leo saa kumi na moja alfajiri, pua juu, nimesubiri taa ya plagi izime, stata mara mbili imewaka. Moshi kidogo tu. Kumisi bado kupo kama nusu dakika, silinda ya tatu ukilegeza haibadiliki sana, nozeli naipeleka Makambako ikapimwe. Mama Fuso ndaga fijo, asante sana

dogo_wa_uyole:
Na yule fundi wa laki nane?

Mzigo_wa_Viazi:
Kanipigia jana kuuliza kama hela imepatikana 😂