Tupeane uzoefu: gari dogo lenye sura ya mbio, injini yake inalipa bei yake?

Habari zenu, wakuu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu magari madogo yenye sura ya mbio, yale yenye spoila nyuma, bodikiti (plastiki za urembo zinazofungwa chini ya bodi) inayokaribia kugusa lami na rimu pana, ambayo madalali huyapandishia bei kuliko ndugu zake wa kawaida. Je, ile nyongeza tunayolipa, injini inairudisha?

Naanza na langu. Mwaka 2019 nilinunua Toyota RunX nyeusi, yenye usajili wa namba D, kwa bei iliyozidi kwa milioni 3 RunX nyingine mbili nilizoziona wiki ileile, kwa sababu muuzaji alisisitiza kwamba hiyo ni "ya sport". Siku ya kwanza ya kumwaga oili, fundi wangu alifunua boneti, akacheka, akanionyesha 1NZ, yaani injini ileile ya cc 1,500 inayosukuma IST na Probox, yenye nguvu za farasi takriban 110. RunX ya toleo la Z ilitoka kiwandani na injini ya 2ZZ ya cc 1,800 yenye farasi 190, lakini mtu akishaifunga ya kawaida bodikiti, kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi. Mwezi uliofuata nilikuwa napandisha mlima Kitonga na familia, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho ili nilipite lori la mbao. Injini ilipiga kelele nyingi, lori likabaki ubavuni mwangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, hatimaye nikarudi nyuma yake huku mke wangu akiwa kimya kabisa. Gari lenyewe si baya, wala spea zake hazisumbui kupatikana, ila zile milioni 3 nilinunulia plastiki.

Mdau wa Moshi
Ndugu mleta mada, mimi ninayo hiyo Z, gia sita za mkono, na nitakuwa mkweli kwa sababu wengi hawaielewi. Nguvu yake haipo muda wote. Mpaka mshale wa mizunguko ukaribie 6,000 kwa dakika, unaendesha gari la kawaida la cc 1,800. Ukivuka hapo, sauti inabadilika ghafla, gari linavuta kama limesukumwa na mtu kutoka nyuma, na farasi wote 190 unawapata kwenye mizunguko 7,600. Sasa niambieni, ni wapi kati ya matuta ya vijijini na vibao vya 50 nitakapofika 7,600? Kwa hesabu yangu ninaifaidi mara tatu au nne kwa mwaka, hasa ninapolipita basi kwenye kipande kirefu cha barabara kilichonyooka. Zaidi ya hayo, injini hii iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na klachi ilipoisha nilisubiri wiki tatu kupata inayofaa. Siiuzi, lakini asiyependa kubadili gia asiitoe pesa yake huku.

Mdau wa Tanga
Kwangu imelipa. Nina Suzuki Swift Sport ya 2008, cc 1,600, farasi 125 tu, lakini uzito wake ni kilo zipatazo 1,060, na hapo ndipo siri ilipo. Kila mwisho wa mwezi napanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kumwona mama, na zile kona za kuelekea Soni nazipita kwa gia ya tatu bila gari kulala upande wala usukani kulegea mkononi. Kwenye lami iliyonyooka, gari kubwa lenye injini ya wastani litaniacha, nami sijali. Kero yake ni shokapu ngumu: abiria wa nyuma huhesabu kila shimo, na mama amekataa kupanda.

Mdau wa Mbeya
Mimi nilinunua Impreza ya cc 1,500 kwa sababu ya lile tundu kubwa la hewa kwenye boneti. Kwenye zile za tabo, yaani zenye kifaa kinachosukumia injini hewa kwa nguvu, tundu hilo hupeleka upepo kwenye kipoza hewa kilicho juu ya injini, kinachopoza hewa hiyo kabla haijaingia ndani. Langu, nilipofungua, lilikuwa limezibwa kwa bati kwa chini.

Mdau wa Kinondoni
Kesho nina miadi ya kuona RunX ambayo dalali anaapa kwamba ni Z. Nawezaje kuhakikisha bila kwenda na fundi?

Mleta mada
Mkuu, soma namba ya chesesi kabla hujatazama kitu kingine. Ikianza na ZZE123, ndiyo yenyewe ya farasi 190; ZZE122 ni cc 1,800 ya kawaida; NZE121 ni kama yangu.

Mdau wa Kinondoni
Mrejesho, wakuu: ni NZE121. Mwenye gari amepunguza milioni 2 papo hapo, na ameniuliza kama bodikiti naihitaji au aifungue abaki nayo.