Mjadala: Waya za simu za zamani zibebe Ethaneti, au mui wa Lamu ungoje faiba?

Fundi wa Langoni

Assalaam aleikum jamaa. Maneno haya yametoka barazani, pale Mkunguni, yalikozungumzwa hadi kahawa ikaisha na asipatikane mshindi. Swali ni hili: zahanati, skuli na ofisi za umma hapa kisiwani zipewe laini za Ethaneti (njia ya kuunganisha kompyuta) sasa, juu ya mtandao wa simu uliopo, yaani pea za shaba (waya mbili mbili) na mitambo ya zamani? Ama pesa ya umma isiguswe mpaka faiba, ile nyuzi ya kioo, ifike mlangoni?

Mimi nasema zipewe sasa. Nimevuta waya tangu enzi za Posta na Simu, kabla shirika halijagawanywa mwaka 1999, kwa hivyo najua mtasema nasifia samaki wangu. Semeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Ethaneti ilizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox kule California, kwa ajili ya kompyuta za jengo moja. Fremu zake, yaani vifurushi vya data, hutoka ovyo, kama watu sokoni: sasa kumi, sasa hakuna hata moja. Mtandao wa simu haukulelewa hivyo. Huo huenda kwa saa. Kila sekunde safari 8,000, na kasha la data huondoka kwa wakati wake liwe na mzigo lisiwe nao. Sauti moja ya simu ilipewa kilobiti 64 kwa sekunde, na nafasi 32 za namna hiyo zikifungwa pamoja ndiyo E1, megabiti 2.048. Kwa hivyo ukitaka kupitisha Ethaneti humo, kazi ni ya kupakia: mzigo usio na saa uingie katika chombo chenye saa.

Zamani upakiaji ulikuwa wa hasara. Mteja akitaka megabiti 10, alipewa kasha la megabiti 48 kwa kuwa hakukuwa na la kati, na karibu nne kwa tano ya nafasi ikasafiri tupu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitambo ikajua kufunga makasha madogo pamoja. Matano ya ukubwa wa E1 yanatosha megabiti 10, na hata yakipita njia mbalimbali hupangwa upya yakifika. Moja likikatika, yaliyobaki huendelea kwa kasi ndogo. Jahazi halizami, linapunguza tanga tu.

Na kutoka kituo cha simu hadi mlangoni, kanuni ya IEEE, chama cha wahandisi wanaoweka viwango, ya mwaka 2004 iliruhusu Ethaneti ipite moja kwa moja juu ya pea za shaba: angalau megabiti 2 kwa pea hadi mita 2,700, na pea kadhaa zikifungwa pamoja kasi hujumlishwa. Kwenda na kurudi kasi ni ile ile. Chukua picha ya eksirei ya megabaiti 20 (megabiti 160) kutoka zahanati. Kwa megabiti 2 ni sekunde 80, kwa megabiti 10 ni 16. Mgonjwa wa yeo angoje faiba ya lini?

Usiache mbachao kwa msala upitao.

Bint Mkomani

Waaleikum salaam ami. Mbachao nauheshimu, lakini huu umeliwa na mchwa.

Mimi nina nyumba ya wageni, vyumba sita. Kampuni moja, sitaitaja, iliniuzia "Ethaneti megabiti 10". Ilikuja na kisanduku kizuri, tundu la Ethaneti, taa za kijani, nikafurahi. Masika ilipoingia, kasi ikashuka hadi nne na ushee. Nikipiga simu naambiwa laini iko hewani. Kweli ilikuwa hewani! Fundi wao alipokuja, katika mwezi wa pili wa shida hiyo, ndipo nikaambiwa kwamba nyuma ya kile kisanduku mna pea nne za shaba, na mbili zimekufa kwa chumvi. Hivyo huo uzuri unaousifia, wa jahazi kupunguza tanga, ndio ulionificha ugonjwa. Laini ya zamani ikikatika, inakatika na unajua. Hii inadhoofika kimya kimya na bili inakuja nzima.

Na ndipo nikajua kwamba neno Ethaneti halinambii kitu. Linanambia umbo la tundu. Nyuma ya tundu lile lile mnaweza kuwa na faiba, redio (mawimbi ya hewani, bila waya) au shaba ya babu yangu, nami nalipa bei ile ile.

Halafu tazameni wenyewe waliotuletea simu. Uingereza wanauzima mtandao wao wa zamani wa sauti. Walipanga Desemba 2025, wakasogeza hadi Januari 2027. Vipuri vya mitambo hiyo vitatoka wapi baada ya hapo? Wao wanavua kanzu, sisi tunatia viraka. Pesa ikishaingia kwenye kiraka, atakayekuja kuomba faiba ataambiwa: si mlishapewa?

Kijana wa Shela

Mnabishania shaba mwaka huu? Starlink, intaneti ya setilaiti, iko Kenya tangu Julai 2023. Sahani juu ya dari, kwisha maneno.

Fundi wa Langoni

Kijana, kwa nyumba yako sawa kabisa. Lakini kasi ya setilaiti mnagawana na wote walio chini ya anga moja nawe, na ofisi mbili zinazotaka kuonana kana kwamba ziko chumba kimoja, bila kupitia intaneti ya watu wote, hilo ni jambo jingine. Hiyo ndiyo huduma ninayoizungumzia: laini baina ya A na B. Na hizo sahani zikijaa juu ya mapaa ya mui mkongwe, nyie wa Shela mtakuwa wa kwanza kulalamika kwamba watalii hawapati picha.

Mpanda Minara, Malindi

Naingia kutoka Malindi, samahanini wenyeji. Kuna jambo hamjaligusa, nalo ndilo hutunyima usingizi sisi wa minara: saa.

Mnara wa simu za mkononi unahitaji masafa yasiyoyumba zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. Enzi za E1 hatukuwaza, maana laini yenyewe ilileta mapigo ya saa. Ethaneti ya kawaida haileti. Ukiondoa E1 na kuweka Ethaneti tupu bila kufikiri, data inapita vizuri kabisa, ila simu zinaanza kukatika mtu akivuka kutoka mnara mmoja hadi mwingine, nawe unatafuta kosa wiki nzima mahali ambapo halipo. (Hilo limenipata. Wiki mbili, kwa kweli.) Dawa ipo: ama Ethaneti iliyofundishwa kubeba saa, ama ujumbe wa wakati ndani ya pakiti, ama GPS juu ya mnara. Zote ni gharama.

Kwa hivyo mimi simwungi mkono yeyote kati yenu moja kwa moja. Mitambo ya zamani ina mambo mawili ambayo Ethaneti ilikuja kujifunza baadaye: saa, na kujirudisha njia ya pili ndani ya milisekunde 50, ile njia ya kwanza ikikatika. Msiitupe kwa sababu ni kongwe. Lakini ami Fundi, kati ya mitambo ya baina ya miji na zile pea za ukutani pana tofauti kubwa, nawe umezitia kapu moja.

Nahodha Mstaafu

Nauliza tu. Simu ya waya ilikuwa inalia hata umeme ukikatika. Faiba italia?

Fundi wa Langoni

Nahodha, ile simu ilikula umeme wa betri za kituo, volti 48, kupitia waya ule ule. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, kwa hivyo kisanduku cha nyumbani kinataka betri yake. Lakini nisikudanganye: Ethaneti juu ya shaba nayo ina kisanduku, nacho kwa kawaida huchomekwa ukutani kwako. Hapo shaba haina ubora wa kujivunia.

Mwalimu wa Faza

Nimesoma yote. Skuli yetu haina hata nguzo ya simu karibu, basi hizo pea mnazigombania nyinyi wa Amu, mui wa Lamu. Kila mradi wa "visiwa vya Lamu" huanza Amu na kuishia Amu. Mkitumia shaba yenu mkaridhika, nani atakayebaki kusukuma faiba ije kwetu kisiwani Pate? Mtakaposhiba hamtatukumbuka.

Bint Mkomani

Mwalimu kasema la maana kuliko sote.

Ila niwe mkweli kwa upande wangu pia. Ami, najua utanijibu kuhusu kuchimba. Vichochoro vyetu, punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Chini mna mifereji, kando ni kuta za matumbawe na chokaa zenye miaka mingi kuliko umri wa simu yenyewe, na mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Huchimbi hapa kama unavyochimba barabara ya Malindi. Na ukisema zipite ukutani, tazama huo utando wa nyaya uliopo sasa. Kwa hivyo sisemi faiba ni kesho. Nasema pesa ya umma isinunue ahadi isiyoandikwa.

Fundi wa Langoni

Sasa tunaelewana, mwanangu, na Mpanda Minara kanishika pabaya: ni kweli, pea na mitambo si kapu moja.

Nalegeza hivi. Shaba mpya, hata mita moja, isinunuliwe. Pea zilizopo zipimwe moja moja kabla ya mtu kuahidiwa lolote, na zipimwe masika, si wakati wa kaskazi kila kitu kimekauka. Mkataba useme kasi ambayo haitashushwa, useme ucheleweshaji, useme saa ngapi mpaka itengenezwe, na pea ikifa mteja apate habari siku hiyo hiyo. Vipimo vya kufanya hivyo vipo ndani ya kanuni za Ethaneti yenyewe tangu ile ya 2004. Kampuni haiwezi kusema haioni. Shela naiondoa. Ni kilomita tatu hivi kwa njia ya pwani, na waya hauendi kama kunguru, hivyo mita 2,700 zinakwisha kabla ya kufika. Wapewe redio.

Lakini kwenye kungoja siko nawe. Zahanati iliyo mita 400 kutoka kituoni na ina pea nne nzima ukutani, kuiacha bila laini kwa hofu ya kiraka, hilo silikubali. Kwa mwalimu sina jibu. Yeye anahitaji mnara wenye njia nzuri ya nyuma, ya kuuunga na mtandao mkuu, na hilo shaba yangu haiwezi kumpa.

Mwalimu wa Faza

Angalau umekiri.

Bint Mkomani

Ami, njoo Jumamosi baada ya alasiri na mita yako. Tuanze na pea zangu nne, uniambie mbele ya watu ngapi nzima. Zikitoka zote nne nzima, nitaandika hapa kwamba nilikosea kuhusu chumvi.

Fundi wa Langoni

Nitakuja inshallah. Lile kabati la kichochoroni lifungue asubuhi, paka watoke. Mara ya mwisho nilikuta kazaa ndani.