Ekeveria inageuka njano kuanzia chini: ni kiu au maji yamezidi?

MamaTwaha_Tabata

Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada kabla ua langu halijanifia.

Nina ekeveria, ile sakulenti (mmea wa majani manene yanayotunza maji) iliyojipanga kama waridi, nilipewa na wifi yangu mwezi wa kwanza. Ipo kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, Tabata, inapata jua tangu asubuhi hadi kama saa nne. Wiki mbili sasa majani ya chini yanageuka njano. Si njano ya ndizi mbivu, ni ya kupauka, kama jani limejaa maji. Ukiliinua kwenye mwanga unakaribia kuona upande wa pili. Nikiligusa tu linadondoka. Yameshadondoka tisa, nimeyahesabu.

Kinachonichanganya ni kwamba namwagilia mara moja kwa wiki, Jumamosi, kikombe kimoja cha chai. Jirani anasema lina kiu. Nifanyeje?

Mkulima_Shambani

Huo ni upungufu wa naitrojeni, dada. Majani ya chini kuanza njano ndiyo dalili yake, hata kwenye mahindi iko hivyo. Weka kijiko cha urea, utakuja kunishukuru.

BabuMiche

Dada, urea usiiguse. Mkuu hapo juu kasema kweli kuhusu mahindi, ila hindi ni mlafi na hili ua linakula kama mgonjwa. Ukilipa urea wakati mizizi haiko sawa unalimalizia.

Nauza miche kando ya barabara hapa Dar mwaka wa 11 sasa, na sakulenti za mwanzo niliziua mwenyewe, tena kwa mapenzi. Kitu nilichojifunza ni kwamba rangi peke yake haikwambii kitu. Njano ya kiu, ya uzee na ya kuoza zote ni njano. Bonyeza jani kwa vidole.

Likiwa jani moja au mawili ya chini kabisa, limekauka kama ganda la kitunguu, huo ni uzee. Livue utupe, wala usiniandikie. Likiwa limenyauka, lina mikunjo, linakunjika bila kupasuka, hiyo ni kiu. Likiwa laini, linang'aa kama limechemshwa, na linaachia shina kwa kuguswa, maji yamezidi. Hilo ndilo ulilolieleza wewe.

Mtego upo hapa: mizizi ikishaoza haivuti tena maji, kwa hiyo ua linaweza kunyauka kama lenye kiu huku udongo umelowa. Mtu akiona mikunjo anaongeza maji. Hapo ndipo wengi wanapozika maua yao. Kwa hiyo usimwagilie kabla hujajua hali ya udongo wa chini. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke mpaka kigonge kitako cha chungu, kiache dakika 10, ukitoe. Kikitoka kikavu, tuzungumze kiu. Na niambie, chungu kina tundu? Sijaona umeandika.

MamaTwaha_Tabata

Shikamoo Babu. Kijiti kimetoka cheusi na kimelowa nusu nzima.

Chungu ni cha kauri nyeupe, hakina tundu, ila ndani yake kuna kile cha plastiki lilichokuja nacho ua, chenye matundu. Nikajua basi tatizo hakuna. Leo nimekinyanyua cha plastiki: chini kuna maji ya vidole viwili, yananuka kama mtaro. Lakini kikombe kimoja kwa wiki kinajazaje hivyo?

MamaTwaha_Tabata

Narudi tena, jibu nimelipata. Mama mkwe wangu yuko hapa tangu mwezi uliopita, katokea Pangani kwa ajili ya kliniki ya macho. Leo nimeamka alfajiri nikamkuta kibarazani. Kumbe kila akimaliza kutawadha, maji yanayobaki kwenye kopo anayamimina kwenye ua. Alfajiri, na magharibi tena. Ananiambia, "Mwanangu, nililiona linasikitika, nikawa nalisaidia."

Sasa namwambiaje?

BabuMiche

Marahaba mwanangu. Nimecheka peke yangu mpaka mteja kaniuliza kulikoni.

Tuanze na ua. Litoe kwenye plastiki, kung'uta udongo wote, tazama mizizi. Mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu na imekaza. Iliyooza ni nyeusi, ukiivuta ganda linatoka unabaki na kitu kama uzi. Kata yote iliyooza kwa kisu ulichokipangusa na spiriti. Ukikuta shina lenyewe limeanza kuwa jeusi, usilionee huruma: kata juu zaidi, endelea kupunguza mpaka ndani paonekane safi, pasiwe na duara la kahawia hata dogo. Hata kikibaki kichwa chenye shina la sentimita mbili kinatosha.

Kiache kivulini, penye hewa, juu ya karatasi, siku nne au tano mpaka kidonda kikauke kabisa. Msimu huu wa masika hewa ya Dar ina unyevu, ongeza siku mbili. Halafu kioteshe kwenye udongo mkavu: fungu moja udongo wa bustani, mafungu mawili mchanga mnene wa mto au kokoto ndogo ulizochekecha. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Usimwagilie mpaka wiki ipite.

Chungu chako cha kauri usikitupe, kiwekee maua ya plastiki. Ua hili lipe chungu cha udongo chenye tundu. Na ratiba ya Jumamosi iache: uliza kijiti, si kalenda. Ekeveria asili yake ni milima ya Mexico, kwa hiyo masika yetu si hali yake; mvua zikikaza inaweza kukaa wiki tatu bila tone.

Majani yaliyogeuka njano hayarudi kijani. Angalia yale ya katikati tu.

La mama mkwe sina ujuzi, biashara yangu miche.

Nyalu_Mafinga

Babu, nami nidandie. Waridi langu la jangwani limegeuka njano lote, majani yanapukutika, lakini shina ni gumu kama jiwe. Na yule mshubiri wangu una vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani.

BabuMiche

Waridi la jangwani huota porini hapa hapa Tanzania na hupukutisha majani kiangazi au baridi ikibana. Huko Mafinga baridi ndiyo imeshaanza. Shina gumu ni uzima. Punguza maji, lisogeze ndani usiku, subiri. Wateja wangu hulia wakidhani limekufa.

Ile pamba ni vidung'ata, wanafyonza utomvu. Pangusa kwa pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila wiki mpaka usione tena. Mshubiri huo utenge na wenzake.

Mkulima_Shambani

Urea nimeifuta kauli. Kumbe mshubiri wangu nao nauua polepole.

MamaTwaha_Tabata

Mrejesho baada ya wiki tano. Shina lilikuwa jeusi kweli, nilikata mara tatu mikono ikitetemeka. Kichwa kimetoa mizizi myeupe mifupi, kama nywele za mtoto. Na jani moja gumu lililoanguka nililiacha juu ya mchanga, limetoa kimche kama punje ya mchele.

Mama mkwe nilimnunulia mrehani kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa, nikamwambia huo ni wa kwake na una kiu sana. Anaumwagilia alfajiri na magharibi. Kibaraza chote kinanukia, na jana kachuma vitawi vitatu akaweka chini ya mto wake.