Kampuni moja, matawi mawili, majibu matatu: nimsikilize nani kuhusu baiskeli yangu?

Mama Ilham, Leicester

Ndugu zangu, salaam. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, kwa kuwa jambo lenyewe limenikosesha raha kwa wiki nzima.

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester, na zamu yangu ya alfajiri huanza kabla mabasi hayajaanza kupita mtaani kwetu. Kwa sababu hiyo niliamua kununua baiskeli katika duka mojawapo la kampuni kubwa yenye matawi katika miji mingi ya Uingereza, nikiamini kwamba kwenye jina kubwa nitakuwa salama zaidi. Siku ya kuchagua nilihudumiwa vizuri mno: kijana mmoja alinipima urefu wa mguu, akanishauri nichukue fremu ndogo kuliko ile niliyoipenda, na akanieleza matumizi ya gia bila haraka yoyote. Nililipa pauni 380 kwa kadi ya mkopo. Wiki iliyofuata nilipokwenda kuichukua nilimkuta mtu mwingine kabisa, ambaye alinikabidhi baiskeli na funguo za kufuli kwa dakika chache tu, bila hata kunitaka nijaribu breki.

Siku ya nne nilianza kusikia mlio mdogo kila mguu wa kushoto uliposhuka. Siku ya kumi na moja, nikiwa napanda kilima karibu na kazini, pedali ya kushoto ilichomoka chini ya kiatu changu nikaanguka kandokando ya barabara. Namshukuru Mungu hapakuwa na gari nyuma yangu. Nilipoinama kuiokota niliona nyuzi nyembamba za alumini zinazong'aa zimejiviringisha kwenye meno ya ncha yake, na lile tundu ilimokuwa imefungwa lilikuwa limekwanguliwa hadi likawa laini.

Kesho yake nilirudi tawi nililonunulia. Aliyekuwa kaunta aliitazama kwa mbali, akasema kwamba nimeendesha pedali ikiwa imelegea, kwa hiyo kosa ni langu na dhamana haihusiki. Sikuridhika, nikaenda tawi la pili la kampuni hiyohiyo, upande mwingine wa mji. Huko fundi wa kike aliishika pedali, akapitisha kidole kwenye meno yake, na hapohapo akasema kwamba iliingizwa upande tangu siku ya kuunganishwa. Alisema yeye angenibadilishia bure, ila utaratibu wao unanitaka nirudi nilikonunua. Nilipopiga simu ya huduma kwa wateja nilipewa jibu la tatu, kwamba nisubiri ukaguzi wa bure wa wiki ya sita, kana kwamba mtu anaweza kwenda kazini kwa pedali moja.

Naomba kujua mambo mawili. Je, nina haki gani katika hali hii, na nimdai nani? Na kwa nini watu waliovaa sare moja wananitazama kwa macho tofauti kiasi hiki?

Fundi wa Zamani, Coventry

Dada, pole sana kwa kuanguka. Nilifanya kazi miaka minne katika karakana ya duka la aina hiyo, kwa hiyo nitajibu swali la pili, na la kwanza nitawaachia wanaolijua zaidi.

Kwanza suala la pedali. Pedali ya kulia hukazwa kwa kuizungusha kama mshale wa saa unavyokwenda, na ya kushoto hukazwa kinyume chake, ili mwendo wa miguu usiifungue. Ncha ya pedali ni chuma kigumu, na mkono unaoishika mara nyingi ni alumini, ambayo ni laini. Mtu mwenye haraka akiianza ikiwa imeinama kidogo, kisha akailazimisha kwa spana, chuma hukata alumini na kujichongea njia yake. Itaonekana imeshika kwa siku kadhaa, halafu inaanza kulia kama ulivyosikia. Ni kweli kwamba hata pedali iliyoingia sawasawa huweza kuharibu tundu ikiendeshwa huku imelegea, na sijaiona baiskeli yako. Lakini kwa baiskeli ya siku kumi na moja, hoja ya yule wa kaunta inamrudia mwenyewe, kwa sababu aliyepaswa kuikaza ni yule aliyeiunganisha.

Sasa kuhusu tofauti ya watu. Baiskeli hufika dukani ndani ya boksi, gurudumu la nyuma, mnyororo na gia vikiwa vimefungwa kiwandani, huku usukani ukiwa umelazwa kando ya fremu, gurudumu la mbele limetolewa, na pedali ziko kwenye mfuko mdogo. Kazi iliyobaki inaonekana ndogo, nayo ndiyo inayobeba uhai wa mpandaji: usukani, breki, gurudumu la mbele na pedali. Sheria ya Uingereza haimtaki fundi wa baiskeli awe na leseni. Yapo mafunzo yanayoheshimika, kama yale ya Cytech, na katika karakana yetu mmoja wetu alikuwa ameyapitia na mwingine alikuwa amehamishwa kutoka upande wa vifaa vya magari mwezi mmoja uliopita. Mteja aliyekuja Jumanne asubuhi alimpata wa kwanza, naye ana muda. Mteja aliyekuja Jumamosi ya Desemba alipata baiskeli iliyounganishwa na wa pili, huku maboksi mengine kumi yakimsubiri mlangoni na meneja akiuliza kila nusu saa ni ngapi zimekamilika.

Kila baiskeli kwetu ilikuwa na karatasi ya ukaguzi, yenye saini ya aliyeunganisha na saini ya aliyekagua. Nakiri kwa masikitiko kwamba siku za msongamano saini zote mbili ziliwekwa na mtu mmoja. Omba kuiona karatasi ya baiskeli yako, dada. Ama wataitoa na itakuonyesha nani alifanya nini, ama watashindwa kuitoa, na kushindwa huko nako utakuandika katika barua yako.

Bin Kombo, London

Mama Ilham, shikamoo. Mimi hujitolea kuwasaidia watu wetu kuandika barua za madai, na kesi kama yako nimeziona zaidi ya mara moja.

Sheria inayokuhusu ni ile ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015. Mkataba wako ni kati yako na kampuni, kwa hiyo neno "dhamana" lisikutishe: dhamana ni ahadi wanayoiongeza wenyewe, na haipunguzi haki uliyopewa na sheria. Bidhaa inatakiwa iwe na ubora wa kuridhisha, na kama muuzaji ndiye aliyeiunganisha, kosa la kuunganisha ni lake. Ndani ya siku 30 tangu uipokee una haki ya kuikataa na kurejeshewa fedha zote. Ukikubali itengenezwe, hesabu ya siku hizo husimama hadi irudi mikononi mwako, na ukirudishiwa unabaki na siku zisizopungua saba za kuamua.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ukitaka kuikataa ndani ya siku 30, wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo. Ukitaka itengenezwe au ibadilishwe ndani ya miezi sita, mzigo huo huwa wa muuzaji: yeye ndiye athibitishe kwamba umeiharibu. Ndiyo maana maneno ya yule fundi wa tawi la pili yana thamani kubwa. Rudi kwake kwa upole, umwombe ayaandike, hata mistari miwili, na uipige picha pedali pamoja na zile nyuzi za alumini kabla mtu hajazifuta.

Kwa kuwa bei ilizidi pauni 100 na ulilipa kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na duka. Yaandike yote katika barua moja yenye tarehe, useme unataka nini na kufikia lini, uitume makao makuu na nakala kwa meneja wa tawi. Simu haiachi alama, na umeona mwenyewe jinsi kila anayeipokea anavyokuwa na jibu lake. Wasipotengeneza, mahakama ya madai madogo hapa Uingereza hupokea madai ya fedha hadi pauni 10,000, ingawa ni nadra jambo la baiskeli kufika huko.

Bi Mwanaidi, Minneapolis

Nawasalimu kutoka Marekani. Huku kuna hali nyingine ambayo nadhani inafaa kulinganishwa na hiyo. Maduka makubwa yanayouza baiskeli pamoja na maziwa na matairi ya gari mara nyingi hayana karakana kabisa. Huunganishwa na vibarua wa kampuni nyingine, ambao wengi wao hulipwa kwa kila baiskeli. Niliwahi kumnunulia mwanangu baiskeli ambayo foki yake ya mbele ilikuwa imegeuzwa, breki ikiwa upande wa nyuma, na ilikuwa imesimama dukani hivyohivyo mbele ya wafanyakazi wote. Nilipoirudisha, dada wa kaunta alinipa fedha zangu bila kuuliza swali hata moja, kisha akairudisha baiskeli ileile kwenye safu. Nilisimama pale nikamwomba meneja aiondoe, na sikuondoka hadi ilipobebwa. Nilitendewa vizuri kama mteja, lakini mtoto wa mwenzangu angeondoka nayo.

Mluguru wa Sheffield

Naheshimu yote yaliyosemwa, ila naomba tusiwahukumu wafanyakazi wote kwa kosa la tawi moja. Tawi ninalolitumia mimi lina mafundi makini, na mmoja wao aliwahi kunizuia nisiondoke na baiskeli yangu kwa sababu aligundua rimu ina ufa. Hata maduka madogo ya mtu binafsi hutofautiana.

Ninachokikosa ni kuona kazi inavyofanyika. Kule Morogoro, fundi aliyekuwa akinitengenezea baiskeli alikuwa chini ya mwembe, nami nilikaa kwenye benchi lake nikimtazama anavyonyoosha gurudumu, spoki moja baada ya nyingine, akilizungusha na kuliangalia kwa jicho moja. Kama spana iliteleza niliona. Huku karakana iko nyuma ya mlango, na mteja hukutana na karatasi. Nimejifunza kuuliza, kabla ya kulipa, ni nani atakayeiunganisha na yuko zamu lini, kisha naichukua siku hiyo yeye akiwepo. Mara zote mbili nilizofanya hivyo hawakukataa.

Mama Ilham, Leicester

Marahaba Bin Kombo, na nawashukuru wote kwa dhati. Narudi na habari.

Yule fundi wa tawi la pili alikubali kuniandikia mistari mitatu na kuweka saini yake, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Nilituma barua siku ya Jumatatu, nikaeleza kwamba nachagua baiskeli itengenezwe na kwamba haki yangu ya kuikataa ibaki palepale. Siku ya Alhamisi meneja wa tawi nililonunulia alinipigia mwenyewe. Nilimwomba karatasi ya ukaguzi. Ilipatikana, na sehemu ya aliyekagua ilikuwa tupu.

Walibadilisha mkono wa pedali na pedali zote mbili bila malipo. Niliomba niruhusiwe kutazama, na baada ya kusitasita kidogo nikafunguliwa mlango wa karakana. Fundi aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa kijana mdogo sana. Aliipaka grisi ncha ya pedali, akaianza kwa vidole vitupu, akaizungusha taratibu hadi ikaingia karibu yote, ndipo akashika spana. Nikamuuliza kwa nini hakutumia spana tangu mwanzo. Akasema kwamba vidole vinahisi pedali inapokwenda upande na spana haihisi, na kwamba jambo hilo alifundishwa na fundi wa kike wa tawi lile la pili, aliyekuja kuwaelekeza siku moja tu mwezi uliopita. Nilimwambia meneja, mbele ya kijana huyo, kwamba siku moja haitoshi, na nimeliandika hilo pia katika barua niliyotuma makao makuu jana.