Rekodi ya kesi ya 2016 kwa kijana wa Mbeya: kuna njia ya kisheria ya kuiondoa?

Mwana_Uyole
Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba ushauri kwa ajili ya mdogo wangu. Mwaka 2016 alishtakiwa kwenye mahakama ya wilaya mojawapo huku Mbeya kwa shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Alikiri siku ileile aliyosomewa mashtaka, akapigwa faini ya laki tatu au miezi sita jela, faini ikalipwa. Sasa amepata nafasi ya kuendesha malori ya Tunduma hadi Zambia, mwajiri anataka cheti cha polisi cha tabia njema, na alipochukuliwa alama za vidole rekodi ikatokea. Mtandaoni nasoma kwamba Marekani mtu anamtafuta wakili, anapeleka maombi, rekodi inafutwa au inafungwa isionekane. Je, kwetu lipo? Na kuna mtu stendi anasema kwa laki tano "ataitoa kwenye mfumo". Naombeni mwongozo.

Mafiat_Kona
Huyo wa laki tano mwache kabisa. Rekodi za alama za vidole zinatunzwa makao makuu ya uchunguzi wa kisayansi wa jinai Dar es Salaam, na jalada la kesi liko mahakamani. Hata akipatikana wa kuchezea upande mmoja, upande wa pili unabaki na kijana anaongezewa kesi ya rushwa juu ya ile ya zamani. Vishoka wanaishi kwa hofu za watu kama nyie. Anayejiita wakili, mtafute jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa hata nauli.

Nyanda_za_Juu
Ndugu Mwana_Uyole, yale ya Marekani yaache hukohuko. Kule kila jimbo lina sheria yake ya kufuta au kufunga kumbukumbu. Uingereza wana sheria ya 1974 inayofanya baadhi ya hatia zihesabike zimekwisha baada ya muda fulani. Tanzania Bara hatuna sheria ya namna hiyo kwa mtu mzima. Msamaha wa Rais wa Ibara ya 45 ya Katiba kwa kawaida hugusa adhabu, na mdogo wako adhabu ameshaimaliza.

Kinachobaki ni kuishambulia hatia yenyewe mahakama ya juu. Ikitenguliwa, rekodi haina tena msingi wa kusimamia. Njia ipo, ila ni nyembamba, na kabla ya kuipima nahitaji majibu matatu:

1. Alizaliwa lini?
2. Alishtakiwa peke yake au pamoja na watu wazima?
3. Mna nakala ya mwenendo wa shauri (yale yaliyoandikwa mahakamani kila hatua ya kesi) na hukumu?

Mlowo_Kwetu
Niongezee kwa wengine wanaopita hapa: hakikisheni kwanza kesi iliishaje. Wengi wanasema "nilifungwa nje" kumbe hakimu alitumia kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, kuachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Wengine kesi iliondolewa na mwendesha mashtaka kwa kifungu cha 98(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, au waliachiwa kwa kifungu cha 225 baada ya upelelezi kuchelewa. Hao wa 98(a) na 225 hawakutiwa hatiani. Kama jalada la polisi bado linasoma "kesi ipo mahakamani", dawa si rufaa. Chukua nakala ya amri ya kuachiwa iliyogongwa muhuri, andika barua kwa RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa) ukitaja namba ya kesi na namba ya IR (ya jalada la polisi), omba kumbukumbu zisahihishwe, kisha baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mwana_Uyole
Ndaga sana. Kazaliwa Novemba 1998, kosa ni la Machi 2016. Alikuwa peke yake. Hati ya mashtaka iliandika miaka 19. Nakala ya hukumu hatuna, tuna risiti ya faini tu.

Nyanda_za_Juu
Basi alikuwa na miaka 17. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo ni mtoto, na shauri lake lilipaswa kusikilizwa na Mahakama ya Watoto kwa utaratibu wake: faragha, mzazi au mlezi yupo, ofisa ustawi wa jamii yupo. Hakimu akiona aliye mbele yake anaelekea kuwa mtoto, kifungu cha 113 kinamtaka afanye uchunguzi wa umri. Mbeya hatuna kisingizio, jengo la Mahakama ya Watoto tunalo.

Msikimbilie hoja hiyo kama silaha ya kwanza, hata hivyo. Kifungu hichohicho cha 113 kinasema amri au hukumu haibatiliki kwa sababu tu baadaye imethibitika kwamba umri ulielezwa vibaya mahakamani. Mawakili wengi wanajikwaa hapo: wanabeba cheti cha kuzaliwa, wanadhani kazi imeisha. Hoja inayosimama ni kwamba wajibu wa kuchunguza umri haukutimizwa ilhali dalili zilikuwepo ndani ya jalada lenyewe, mfano ofisa aliandika ni mwanafunzi wa kidato cha pili, au mama aliinuka kusema mtoto wangu ni mdogo na ikaandikwa. Bila mwenendo wa shauri hatujui.

Wakili_Kihesa
Naungana na mkuu hapo juu, naongeza upande wa kukiri kosa, maana nadhani ndiko mlango ulipo.

Kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia, isipokuwa urefu au uhalali wa adhabu. Lakini Mahakama Kuu katika Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, 1983, ilitaja nafasi nne ambapo hatia ya kukiri inapingwa: kukiri hakukuwa kamili au kulikuwa na utata; alikiri kwa kukosea au kutoelewa; shtaka halionyeshi kosa linalojulikana kisheria; au maelezo aliyoyakubali hayawezi kisheria kuzaa hatia ile.

Mkipata mwenendo, someni ukurasa wa siku ya kwanza mstari kwa mstari mkiulinganisha na utaratibu wa kuandika kukiri kosa uliowekwa na kesi ya Adan, 1973. Shtaka lilisomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, vipengele vyote? Maneno yake mwenyewe yaliandikwa, au imeandikwa "ni kweli" tu? Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya kosa? Maelezo yanataja jeraha gani, na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) ilitolewa? Kijana aliulizwa kama anayakubali, na jibu lake likaandikwa? Kwa kosa la 241, maelezo yanayosema "alimpiga" bila kutaja madhara ya mwilini yana pengo kubwa, kwa kuwa madhara ndiyo yanayolitenga kosa hilo na shambulio la kawaida la kifungu cha 240. Na "ni kweli" peke yake mahakama za juu zimeikosoa mara nyingi.

Mwenendo wa 2016 utakuwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama mwaka 2021. Angalieni kama imeandikwa alitafsiriwa.

Angalizo la namba: vifungu vya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ninavyotaja ni vya toleo la 2022. Toleo la 2023 la sheria zetu limehamisha namba nyingi, kwa hiyo nyaraka za sasa zifuate namba mpya.

Mwana_Uyole
Tumeelewa. Lakini imepita miaka mingi, bado inawezekana?

Wakili_Kihesa
Hapo ndipo pagumu, sitakuficha. Kifungu cha 361 kinadai notisi ya rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala. Zikipita, mnaomba Mahakama Kuu iongeze muda kwa sababu ya msingi. Kesi yenu ni ya wilaya za Mbeya, hivyo ni masjala ya Mbeya. Anayesoma hapa akiwa Mafinga, yake ni Iringa. Aliyehukumiwa mahakama ya mwanzo anaanzia mahakama ya wilaya, siku 30, na akitaka marejeo ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ajue mlango ule hufungwa miezi 12 baada ya shauri kumalizika.

Vigezo vya kuongeza muda ni vya Lyamuya Construction, ya Mahakama ya Rufani: eleza muda wote wa kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha bidii, au onyesha uvunjifu wa sheria katika uamuzi unaopingwa. Kutojua sheria si sababu. Miaka yote hiyo hamtaieleza siku kwa siku, kwa hiyo msidanganye kwa kujaza magonjwa yasiyo na vyeti. Tegemeeni uvunjifu wa sheria. Na lazima uonekane usoni mwa kumbukumbu, usiwe wa kutafutwa kwa mabishano marefu. Ndiyo sababu nasema kukiri kusikokamilika kutangulie: kunasomeka kwenye jalada lenyewe. Umri ufuate nyuma, maana jalada linasema 19 na cheti kinatoka nje ya jalada.

Kiapo cha kuunga mkono maombi hayo ya muda kiapwe na kijana mwenyewe, si wewe kaka yake. Weka matukio tu. Mabishano ya sheria na maombi yakiingia kwenye kiapo, aya hizo zinaondolewa na kiapo kinaweza kubaki gofu. Sehemu ya kuapia iwe na mahali na tarehe na jina la kamishna wa viapo. Maombi yanaanguka kwa kukosa tarehe pale chini, inauma sana kuona.

Mkipewa muda, anzeni upya na notisi ya rufaa ndani ya siku mlizopangiwa, halafu rufaa. Wengine hupeleka rufaa moja kwa moja wakidhani notisi imesamehewa, nayo inatupwa.

Ifunda_Juu
Na hasara zake zitajwe. Kwanza, Mahakama Kuu ikifuta mwenendo inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya. Kwa aliyemaliza adhabu zamani na kosa la ukubwa huu majaji mara nyingi huona haina maana, lakini si ahadi. Pili, ina uwezo wa kuongeza adhabu. Tatu, jambo ambalo watu hawaliwazi: kesi ile ya wilaya imelala kwenye kabati, ila uamuzi wa Mahakama Kuu unapandishwa TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, na jina lake kamili, kila mtu anausoma. Wakili aombe mapema jina lifichwe kwa kuwa alikuwa mtoto wakati wa kosa.

Mwana_Uyole
Gharama je? Mzee ni mkulima wa viazi, hatuna fungu la wakili.

Mlowo_Kwetu
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yenu. Nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ndiye msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria, akuonyeshe waliosajiliwa. Wasaidizi wa kisheria watakusaidia kuandika barua ya kuomba nakala na kufuatilia masjala, bure, ila hawasimami mahakamani. Kwa hilo muombe shirika lililosajiliwa likupe wakili. Chama cha mawakili wa Tanganyika nacho kina tawi Mbeya. Timu za kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia zikipita wilayani kwenu, nenda na makaratasi mkononi, maana kwa maneno matupu utapewa ushauri wa jumla tu.

Wiki hii fanyeni hivi: barua kwa hakimu mfawidhi wa mahakama ile kuomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo, hukumu na hati ya mashtaka, mkitaja namba ya kesi iliyo kwenye risiti ya faini. Hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri na tarehe, kwa sababu tangu siku hiyo ndipo bidii yenu inapoanza kuhesabika. Wakisema jalada halionekani, ombeni jibu hilo kwa maandishi.

Ushahidi wa umri nao uanze kukusanywa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kilichotolewa kabla ya 2016 kina uzito mkubwa kuliko kilichokatwa juzi, kwa sababu Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, watauliza kwa nini kimekuja leo.

Mwana_Uyole
Mwajiri anataka majibu mwisho wa mwezi. Asubiri mahakama?

Nyanda_za_Juu
Mahakama haitawahi mwisho wa mwezi, msiunganishe mambo mawili. Kwenye fomu ya kazi kijana asiandike "sijawahi kutiwa hatiani". Uongo huo utamfukuzisha kazini hata akija kushinda rufaa. Aandike ukweli kwa mistari miwili, aambatanishe risiti ya faini na, zikipatikana, nakala za hukumu, pamoja na barua ya serikali ya mtaa juu ya mwenendo wake. Mwajiri binafsi ana uhuru wa kuamua, na kosa moja la faini la ujana ni tofauti na wizi wa mizigo.

Na siku mkishinda, msidhani polisi watapata habari wenyewe. Chukueni nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa Mahakama Kuu, pelekeni kwa RCO na barua ya kuomba kumbukumbu zirekebishwe makao makuu, fuatilieni hadi mjibiwe, ndipo aombe cheti kipya.

Wakili_Kihesa
Kitu kimoja kabla hamjaandika chochote: linganisheni jina lake kwenye hati ya mashtaka na lile la NIDA. Kama mahakamani aliandikwa kwa jina la nyumbani, maombi yatumie jina la kwenye hati ya mashtaka na kuongeza "ambaye pia anajulikana kama" jina la NIDA, pamoja na kiapo cha majina. Vinginevyo mtatengua hatia ya mtu ambaye kompyuta ya polisi haimtambui kuwa ni huyu.