Mrejesho: bima ya mwezi mmoja kwa gari la pili

Asanteni sana ndugu zangu mlionijibu. Niliuliza kama bima ya gari langu la kwanza ingetosha kulitoa la pili, ninalonunua, kwa muuzaji Nakuru hadi Nairobi. Haitoshi. Kila gari hukatiwa bima yake, na ya muuzaji haihamii kwa mnunuzi.

Wakala wa bima alinikatia bima ya thadi pati ya mwezi mmoja kwa jina langu, kwa nakala ya logibuku (hati ya umiliki wa gari), mkataba wa mauzo na PIN ya KRA (namba yangu ya mlipakodi). Cheti kilinifikia kwenye simu kabla sijalipia gari. Lakini jamani, thadi pati hulipa hasara za wengine tu. Ukigonga, gari lako unalitengeneza mwenyewe! Nililiendesha mchana, taratibu.

NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, wameshahamisha umiliki. Gari likithaminiwa, nakata komprehensivu, bima inayolipia hata gari lako mwenyewe.