Nahodha mkali au nahodha msikivu, yupi anafikisha watu salama ziwani?

Mwaloni_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu kaanza ubaharia kwenye boti moja ya mizigo na abiria hapa Ziwa Victoria, jina naliacha. Juzi kaja home analalamika kapteni wao haambiwi kitu, yaani ukimwambia mkuu huku nyuma maji yanaingia anakujibu we umekuja kufundishwa au kufundisha. Alafu huyo huyo ndo anayesifiwa mwalo mzima, eti anaujua mwamba mmoja mmoja kutoka hapa mpaka visiwani hata usiku. Sasa nauliza, usalama wa chombo unategemea kweli tabia ya nahodha au ni injini na upepo tu? Dogo anataka kuacha kazi, mama anamwambia vumilia.

Ngosha wa Igoma:
Nahodha mwajiriwa tu bhana. Tajiri mwenye boti akisema pakia anapakia, akigoma kesho usukani ana mtu mwingine. Mi naishi karibu na makaburi ya waliozama na MV Bukoba 1996, kila Mei 21 naona ndugu wanavyokuja pale. Meli ya abiria 430 ilibeba watu wangapi mpaka leo hamna anayejua maana daraja la tatu hata orodha haikuwepo. Hilo utamlaumu kapteni peke yake?

Baharia Mstaafu:
Ngosha uko sahihi nusu. Kwa meli za baharini SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, inasema wazi mwenye meli haruhusiwi kumzuia nahodha kufanya uamuzi wowote anaoona unahitajika kwa usalama wa watu, na ISM, kanuni za usimamizi wa usalama wa meli zilizoanza kwa meli za abiria Julai 1998, inampa neno la mwisho. Na ujue hiyo ISM imetoka wapi. 1987 kule Zeebrugge, Ubelgiji, feri ya Waingereza inaitwa Herald of Free Enterprise iling'oa nanga mlango wa mbele uko wazi, aliyetakiwa kuufunga amelala chumbani kwake, nahodha kule juu hana hata taa ya kumwonyesha mlango umefungwa au la, na kampuni ilikuwa imeshaombwa na manahodha iweke hizo taa ikapuuza. Watu 193 wakafa. Utaratibu wao ulikuwa kama hujaletewa taarifa ya tatizo basi kila kitu kiko sawa!! Kwaiyo tajiri anahusika, sikatai.

Ila nirudi kwa dogo. Tulipokuwa kazini nahodha niliyemwogopa kuliko wote hakuwa mgeni wa njia, alikuwa yule mzoefu asiyeambiwa. Mgeni anauliza, anatazama ramani, anapunguza mwendo. Mzoefu anapita pale pale kila siku mpaka siku maji yamepungua. Meli ya kitalii ya Italia, Costa Concordia, Januari 2012 nahodha wake Schettino hakuwa mjinga wa bahari, aliisogeza meli karibu na kisiwa cha Giglio ili awasalimie watu wa nchi kavu, na maofisa wake walikuwepo pale pale juu, hakuna aliyemzuia mapema, ikagonga mwamba. Watu 32 wamekufa, yeye akashuka kabla ya abiria kuisha, mahakama ikampa miaka 16. Ndo maana siku hizi kozi za maofisa wa meli zina somo la uongozi na kufanya kazi kama timu, tangu kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia zirekebishwe kule Manila 2010, maana ilionekana kujua kuendesha chombo peke yake hakutoshi. Ukali siupingi, kwenye dhoruba hamna kikao, anaamuru mnatii. Lakini ukali wa kuzima taarifa za maji nyuma ni kitu kingine kabisa, na hizo ndo taarifa za kwanza nahodha anatakiwa azitake.

Dagaa Ukara:
Jamani na abiria tusijisahau. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugorora, chombo cha watu 101 na wamekufa zaidi ya 220, tena gati la Ukara wanaliona kwa macho. Rais Magufuli alisema kwenye hotuba kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiyesomea. Kuna kapteni mmoja nasafiri nae sana na mzigo wangu, mpole mpaka unamdharau, ila tukikaribia gati anatuma vijana wawili wasimame mlangoni, hakuna kunyanyuka mpaka kamba zifungwe. Watu wanamtukana vibaya. Juzi mzee mmoja kashanyanyuka na tenga lake la kuku, wengine nyuma yake wakaanza kusogea upande ule ule, kapteni akasimamisha chombo palepale tukawa tunayumba tu hapo mpaka mzee akarudi kukaa, af ndo akaendelea. Hakupiga kelele hata kidogo. Mi mzigo wangu nampa huyo hata akichelewa.

Ngosha wa Igoma:
Huyo tajiri wake atamvumilia mpaka lini sasa na mafuta yanavyopanda 😂

Dagaa Ukara:
Anamvumilia kwa sababu sisi wenye mizigo tunamfuata yeye. Tukihama boti nyingine tajiri atakula nini.

Mwaloni_Kirumba:
Asanteni sana, Mstaafu hapo kwenye maji ya nyuma umenigusa. Sasa dogo afanyeje, akimripoti si ndo kafukuzwa?

Baharia Mstaafu:
Aanze na injinia wa humo humo, injinia akisema chombo kinaingiza maji nahodha anasikia tofauti na akiambiwa na kijana wa kamba. Aandike kwenye daftari tarehe na kiasi walichovuta kwa pampu. Wiki ikipita hamna kilichofanyika aende TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, ofisi wanayo Mwanza, aombe jina lake lisitajwe. Na mwambie mama aache hilo neno la vumilia, maji yakianza kuingia nyuma hayatasubiri dogo apate uzoefu.